Mama alipopata kiharusi, tulivyoamua akae wapi (uzoefu wangu)

Naandika hii kwa wale wenye jambo la familia limekwama na kila mtu kwenye grupu la WhatsApp ana maoni yake. Sisi tuko watatu, kaka mkubwa ni mwalimu Mwanza, mimi nashona Dar nina fremu Tabata, na mdogo wetu wa mwisho yuko nyumbani Machame, Kilimanjaro, na mke wake, maana kwetu kitinda mimba ndo anabaki na nyumba ya wazazi. Mama akapata kiharusi, akalazwa hospitali ya KCMC Moshi, akatoka upande wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Hapo ubishi ukaanza, aje Dar au abaki Machame. Kaka anasema we ndo binti, mama ni wako, mdogo wangu anasema mke wake kachoka ana mtoto mchanga, mimi nawaza nifunge fremu nipande nyumbani na kodi ya miezi sita nimeshalipa. Ikafika hatua tunatumiana voisi ndefu mpaka unaogopa kuzifungua.

Kilichonisaidia ni kuachana kwanza na swali la akae wapi. Nikachukua kaunta buku ninayoandikia vipimo vya wateja, kurasa za nyuma nikaandika siku ya mama inahitaji nini toka anaamka mpaka analala. Kuogeshwa, dawa za presha kwa wakati, kusaidiwa kula, mazoezi ya mkono na mguu, mtu wa kusikia usiku akiita. Basi. Kihamba (yani shamba la familia linalozunguka nyumba), migomba, kaburi la baba, ng'ombe, yani vyote tulivyokuwa tunagombania havikuingia hata kwenye ukurasa. Halafu kila kimoja nikaweka mbele yake nani anaweza na ni shilingi ngapi. Hapo Dar ikajikataa yenyewe, mi napanga chumba na sebule, choo kiko nje tunashea na wapangaji wengine, sasa mtu anayeburuta mguu utampitishaje pale saa nane usiku? Kwenye grupu hakuna aliyewahi kutaja choo, tulikuwa tunataja upendo tu.

Hela nayo ilikuwa inatutisha bure. Mama yuko kwenye kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, ya kaka maana mzazi anaweza kuandikishwa kama mtegemezi, kwahiyo kliniki na dawa hazikuwa hoja. Bima hailipi nauli ya kushuka Moshi mjini wala mtu wa kumwogesha, cha kugawana kikawa hicho tu.

Halafu nikapanda nikaongee na mama mwenyewe. Kuongea kunamchosha kwahiyo nilikuwa namuuliza kimoja kimoja, yeye anaitikia au anatikisa kichwa, ilichukua karibu asubuhi nzima. Sote tuliamini shida yake ni kuacha kihamba. Wala. Shida yake kubwa ilikuwa kuogeshwa na mkwe, anaona aibu, na ndo maana alikuwa anakataa kuoga wifi akadhani anamchukia. Mimi mwanae pia hakutaka. Anataka mwanamke mtu mzima wa nje. Hilo lingetufuata hata Dar.

Mimi ni fundi, kitambaa ukishakata hakirudi, kwahiyo kabla ya mkasi unashikiza kwanza kwa pini umvalishe mteja uone. Nikawaambia wenzangu kufunga fremu, kuuza ng'ombe na kumhamisha mama ni kukata, tuviweke mwisho. Kuajiri mtu na kumpa jirani ng'ombe amfuge maziwa wagawane ni pini, ikishindikana tunachomoa. Tukakubaliana tujaribu mwezi mmoja, tarehe tukaiandika kabisa, na mpaka siku hiyo ni marufuku kubishana kwenye grupu, mwenye hoja aiandike asubiri. Kaka alinuna kidogo ila akatulia.

Msaidizi wa kwanza aliondoka bila kuaga. Wa pili ni mama mmoja wa usharikani, anakuja asubuhi na jioni, na toka aanze mama anaoga bila ugomvi, wifi naye kapumua. Mtaalamu wa mazoezi alimwelekeza mdogo wangu namna ya kumnyoosha mkono na kumsimamisha, anafanya kabla hajaenda kwenye bodaboda, kliniki wanashuka siku ya miadi tu. Tarehe ilipofika tuliongea kwa simu wote watatu, muda mfupi sana ukilinganisha na zile voisi, tukaendelea hivyohivyo.

Ambacho hakijakaa sawa ni usiku. Wifi bado ndo anaamka, na mtoto naye analia saa hizohizo. Kaka ameshaandika hoja yake kwamba tutafute mtu wa kulala palepale, mi nimeandika itatugharimu nini kila mmoja, na Desemba tukipanda wote tunakaa kuliamua hilo.