Reli Fupi ya Choshi Iliyookolewa na Biskuti za Mchele

Hapa Dodoma, ambako honi ya treni ya Reli ya Kati imesikika kwa zaidi ya miaka 100, nimekuwa nikifuatilia kwa mapenzi makubwa reli ya kampuni binafsi iliyoko mkoa wa Chiba, Japani: Reli ya Umeme ya Choshi, yenye kilomita 6.4 tu, umbali ambao wazee wetu wa Kigogo waliutembea kwa miguu kwenda mnadani.

Njia ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1913, ikafungwa mwaka 1917. Ya sasa ilianza mwaka 1923.

Choshi ni mji wa uvuvi na wa sosi ya soya, na hapo ndipo ulipo utamu wa kisa hiki. Tangu mwaka 1995 kampuni hiyo iliuza nure-senbei, yaani biskuti laini za mchele zilizolowekwa kwenye sosi hiyo, na mwaka 2006, ilipokosa fedha za ukaguzi wa lazima wa treni zake, iliwaomba watu waziwazi, kupitia tovuti yake, wazinunue. Oda zilimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na treni zikaendelea kutembea. Naliheshimu sana ombi lile, kwa kuwa halikuficha shida.