NASM iligoma kukubali kuwa ni mpya

Kazi ilitufikia ofisini Ngong Road ikiwa na msimbo wa asembli wa zamani, ulioachwa na kampuni iliyotutangulia. Kila tukijenga, unasimama na ujumbe: sakinisha NASM 2.15 au zaidi. NASM ndiyo programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine. Nikaandika `nasm -v`: 2.15.05. Mwenzangu akataka tuisakinishe upya. Nikamwambia apoe kwanza, tusome faili.

Sharti lilikuwa hili:

`%if __NASM_VERSION_ID__ < 0x02150000`

Linapendeza macho, ila ni bovu. `__NASM_VERSION_ID__` ni makro, yaani jina ambalo NASM huweka thamani mahali pake. Hubana namba nne za toleo, kila moja kwenye baiti yake: toleo kuu, dogo, dogo zaidi, kisha kiraka. Kumi na tano katika heksadesimali (namba za msingi wa kumi na sita, zinazoanza na 0x) ni 0F, kwa hiyo 2.15.05 husomeka 0x020F0500. 0x15 ni ishirini na moja! Aliyeandika alikuwa akidai toleo 2.21 bila kujua. Hata 2.16 ingekataliwa, maana huanza na 0x0210, chini ya 0x0215.

Kuweka 0x020F0000 kungetosha, lakini atakayefuata angeumia vilevile. Nikaandika makro inayoweka kila namba kwenye baiti yake yenyewe:

`%define TOLEO(a,b) ((a<<24)|(b<<16))`
`%if __NASM_VERSION_ID__ < TOLEO(2,15)`

Ikajenga papo hapo.

`__NASM_VER__` usiitumie kwa ulinganisho huu. Hiyo ni matini, si namba. Tena, kuanzia 2.15 majina rasmi yana alama za kuuliza, mfano `__?NASM_VERSION_ID?__`. Ya zamani bado yanafanya kazi, nami nimeyaacha makusudi: NASM kuukuu haiyajui yale mapya, na ndiyo tunayotaka kuinasa.