Anayefika mesi mwisho

Muhula wa kwanza wa Senior One, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari Uganda, mtazame mwanafunzi anayefika mesi mwisho kila siku. Si uvivu, ni hofu ya kuwa mbele ya watu. Anangoja foleni ya posho (ugali) na maharagwe iishe asisimame na wenzake, kisha anabeba sahani hadi nyuma ya bweni. Moyo unatulia papo hapo, na mtego ndio huo: akili inaamini kukwepa ndiko kulikomwokoa, kesho foleni inatisha zaidi.

Kumwambia "jikaze" hakumsaidii. Aandike mambo sita hadi nane yanayomtisha, kila jambo alipe alama ya hofu, 0 hadi 10. Aanzie kwenye 3, tuseme kumuuliza jirani wa kitanda swali moja, na alirudie kila siku mpaka lishuke hadi 1. Foleni huenda ni 5, kusoma mbele ya darasa 9. Akiingia foleni asichomoke hofu ikiwa kileleni, maana atakuwa amekwepa tena.

Wengi hukwama hapa: wanakwenda, lakini wanajificha humo humo. Kitabu kimefunguliwa bila kusomwa. Sentensi inapigwa msasa kichwani mara nne kabla ya kutamkwa, hasa kwa mtoto wa Busia, mpakani na Kenya, aliyewahi kuchekwa kwa lafudhi ya Luganda yake. Akijisikiliza hivyo hasikii alichoulizwa, anajibu kombo, halafu anasema, "Si nilijua?" Mpe kazi ya kutazama nje: aliye mbele yake kwenye foleni amevaa viatu gani?

Mtaala wa sekondari wa 2020 umeleta kazi nyingi za vikundi, na hilo ni jema. Ila mwalimu asimshtukize. Amwambie jana yake, aanze kwa kusoma mistari miwili mbele ya watatu, wala asiwekwe wa mwisho. Kungoja zamu ndiko kunakomchosha.

Hofu ikizidi miezi sita, au akianza kukosa masomo, nendeni idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Namba 116 ya watoto hupigwa bure.

Nawe mzazi, siku ya kutembelea usimjibie anaposalimiwa. Pesa za kuwanunulia wenzake chapati humletea umati mpaka ziishe, na rafiki mmoja anamtosha. Muulize analala karibu na nani, umwache aende mwenyewe kumwita huyo mje mle pamoja.