Jeti za kabureta kwa CG125 ya zamani: angalia kwanza mkono wa mafuta

Pikipiki kuukuu ikianza kukohoa, wengi hukimbilia dukani kununua jeti kubwa, yaani kipande kikuu chenye tundu linalopitisha mafuta ndani ya kabureta. Kwa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na kwa ndugu zake wa Kichina waliojaa vijiweni, mara nyingi jeti hiyo haina kosa. Swali la kwanza ni hili: inasumbua mkono wa mafuta ukiwa umefunguka kiasi gani?

Bandika kipande cha plasta kwenye mkono, uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Injini ikiwa sailensa (inanguruma mkono ukiwa haujavutwa) hadi mkono ufunguke moja ya nane, wenye usemi ni jeti ndogo na skrubu yake. Hapo hadi robo ni mkato wa chini ya slaidi, kipande kinachopanda ndani ya kabureta unapovuta mkono. Robo hadi robo tatu ni sindano na mrija inamopita. Jeti kubwa hutawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Mipaka huingiliana kidogo, ila itakuzuia kufungua kisichohusika.

Kabla ya yote, safisha chujio la hewa, kagua mpira kati ya kabureta na injini usiwe na ufa, na uhakikishe boya, linalopima kina cha mafuta ndani ya kabureta, limekaa usawa wake. Boya likikaa juu mno au chini mno, kila jeti utakayoweka itakudanganya.

Jeti kubwa ipimwe injini ikiwa ya moto, barabara ikiwa tupu, gia ya juu, mafuta yote. Ukirudisha mkono kidogo pikipiki ikachangamka, au ukivuta choki kidogo ikapata nguvu, mafuta hayatoshi: panda namba moja. Ikivuma kwa uzito na kutoa moshi mweusi, shuka namba moja. Kisha izime ukiwa bado umefungua mafuta yote, kamata klachi, simama kando ufungue plagi. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeupe ni mafuta kidogo, masizi makavu meusi ni mafuta mengi.

Namba za jeti za Keihin hukaribia kipenyo cha tundu: 100 ni kama milimita 1.00. Jeti nyingi za Mikuni huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni hizo mbili. Na tafadhali usikubali jeti itobolewe kwa waya. Tundu likishakwaruzwa, namba iliyogongwa juu yake haina maana tena.

Jeti ndogo huziba kwanza, kwani tundu lake ni jembamba na petroli iliyolala huacha gundi. Ikiwa safi, tafuta skrubu inayofanya sailensa iwe juu na tulivu. Skrubu iliyo upande wa chujio hurekebisha hewa: ikikaa vizuri chini ya mzunguko mmoja kutoka kufungwa, jeti ni ndogo mno, ikipita mizunguko mitatu, ni kubwa mno. Iliyo upande wa injini hurekebisha mafuta, na hapo majibu hugeuka.

Kwa pikipiki iliyotembea sana, nausisitizia mrija wa sindano. Miaka ya kusuguana hufanya tundu lake liwe la yai, mafuta yakazidi katikati ya mkono. Kushusha jeti kubwa hakutibu hilo; kutainyima tu injini mafuta mwishoni. Badilisha mrija na sindano pamoja. Vikiwa vizima, klipu inayoshika sindano ikishuka ngazi moja sindano hupanda na mafuta huongezeka.

Mwinuko nao una hesabu yake. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama moja ya sita kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo jeti kubwa hushuka namba moja au mbili. Ukiirudisha pikipiki pwani, rudisha na jeti ya awali kabla ya safari ndefu, maana mafuta yakipungua injini huchemka na valvu huungua. Kwa injini za tu-stroku, pistoni hukwama.