Makachu ya Forodhani yalivyotufungua midomo klabuni

Klabu yetu ya picha hapa Mji Mkongwe ni ndogo, watu kama 14, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, na mwaka wa kwanza wote ilikuwa mtu analeta picha tunasema mashaallah basi tunaondoka. Ukimuuliza mtu kaipigaje anakwambia "mwanga tu ulikuwa mzuri." Mie iliniuma kweli, maana nilikwenda pale kujifunza.

Nikaona nianze kutoa changu. Nikaprinti picha 2 za maulidi, moja mbovu moja nzuri, nikaziweka barazani. Ile mbovu kanzu zote za kijivu na nyuso giza, macho hata huyaoni. Nikawaeleza kwamba kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, kwa hiyo kwenye umati wa kanzu mie naiambia kamera iongeze mwanga, napandisha ile alama ya kujumlisha mpaka +1 na nyuso zinarudi. Kaka mmoja anayepiga harusi akaishika ile mbovu muda mrefu, akasema na yeye kahangaika na jambo hilo hilo miaka.

Hapo nikapata ujasiri wa kuomba, Jumamosi ijayo sote tukapige kitu kimoja, wakati mmoja, pahala pamoja. Kwanza tukapita Capital Art Studio pale Kenyatta Road, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, tukaangalia zile nyeusi na nyeupe za zamani na swali likawa moja tu, huyu mpigaji alisimama wapi? Swali hilo likabaki na sisi.

Tukachagua makachu, ule mchezo wa vijana kujirusha baharini kutoka ukutani pale Forodhani. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake kwa hiyo bamvua, jioni maji yamejaa na vijana wanaruka kwa zamu bila kupoa. Saa 11 na nusu jua liko chini upande wa bahari, kijana anakuja mbio, nyayo zinapiga ukuta uliolowa pap pap, kisha yuko hewani kajikunja magoti kifuani. Mie nikawa namfuata na lenzi kila akikimbia, nikapata migongo yenye ukungu, moja miguu peke yake.

Yule kaka wa harusi akanisogelea, kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanionyesha setingi zake: shata 1/1000 ya sekunde ili mruko ugande, ISO 800 ili kamera ipokee mwanga zaidi, fokasi kaifunga kabisa pale ukingoni wanaporukia, hamfuati mtu, anangoja tu. Yaani kitu chepesi hivyo na nilikihangaikia wiki ngapi!

Lakini picha ya siku haikuwa yake wala yangu, ilikuwa ya dada mmoja mwenye simu tu, hana kamera. Tulipozipanga printi za 4 kwa 6 chini kwenye mkeka yake ukaiona mara moja, mwili wote mweusi juu ya anga la rangi ya chungwa, hata vidole vya miguu unavihesabu, sisi wengine sote mtu kachanganyika na majahazi na maji. Tukamuuliza ulisimama wapi dada? Akasema sikusimama, nilichutama mpaka nguo ikalowa ili aruke juu ya mstari wa bahari, na nikaigusa mbingu kwenye kioo cha simu nikaibana pale mwanga usibadilike, nikaushusha kidogo. Watu wazima wenye lenzi za bei wakatoa simu zao wakaanza kumfuatiliza.

Siku hizi kila printi inayowekwa mkekani mwenyewe anataja shata, saa na pahala aliposimama kabla hajaulizwa, na mbovu inaletwa pamoja na nzuri. Kaka wa harusi wiki iliyopita kaleta 3 mbovu tupu, akamwita yule dada akae karibu yake, akamwambia niambie hapa ungechutama wapi.