Masafa ya QO-100 (setilaiti ya redio za ridhaa) yalivyokuwa yakihama, na nilivyotatua

Dalili: bikoni ya kati (ishara ya kudumu ya kulinganishia masafa) ya 10489.750 MHz, ambayo kwa LNB (kifaa cha kwenye dishi kinachoshusha masafa) yenye osileta (kizalisha masafa) ya 9750 MHz husikika 739.750 MHz, ilikuwa ikihama kila wingu lilipopita juu ya dishi. Sauti za SSB (aina ya urushaji sauti inayohitaji masafa sahihi) ziliharibika ndani ya dakika chache.

Kubadilisha kipokezi kwa chenye TCXO (osileta inayofidia mabadiliko ya joto) hakukusaidia. Kuifunga LNB kwa sponji kulipunguza kasi tu.

Kiini ni kristali ya 25 MHz iliyomo ndani ya LNB. PLL (saketi inayofunga masafa ya osileta kwenye rejea) huizidisha mara 390, hivyo kosa la Hz 1 tu huwa Hz 390 kwenye masafa yako. Dawa ni kuitoa na kuingiza 25 MHz kutoka GPSDO (osileta inayosahihishwa na ishara za GPS).

Nilitumia LNB yenye matundu mawili ya kebo. Kwanza nilikata njia ya shaba inayounganisha tundu la pili na saketi yake. Kisha niling'oa kristali, nikaunganisha tundu hilo na pini ya kuingizia ya kristali kupitia kapasita ya 1 nF, ili volti za DC zisipite.

Bado PLL haikushika! Kasoro iliyobaki ilikuwa ndogo tu: ishara ya GPSDO ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Kipunguza nguvu cha 20 dB kwenye kebo kikamaliza kazi, na bikoni ikatulia.

Kisambazaji cha 2400 MHz, cha kurushia kwenda kwenye setilaiti, nacho kipewe rejea kutoka GPSDO hiyohiyo, la sivyo utasikia vizuri huku wengine wakilazimika kukufuatafuata kwenye masafa.