Shingo kuvimba upande mmoja: usikimbilie kuchua

Huku Moshi, shingo ikivimba upande mmoja watu husema ni matezi, au umelala vibaya. Unachuliwa, unameza diklofenaki, wiki mbili zinakatika. Mara chache tatizo ni vena kubwa ya shingo (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyoziba kwa bonge la damu, na hapo kuchua ni hatari: bonge likimeguka huenda mapafuni.

Anza na altrasaundi. Kifaa kikikandamizwa, vena isiyo na bonge hubonyea ikajifunga. Yenye bonge hukataa. Mfupa wa mtulinga huficha sehemu ya chini, kwa hiyo majibu mazuri huku mkono na uso vinazidi kuvimba hayatoshi. Hapo inatakiwa CT (eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Halafu ulizeni sababu. Je, aliwekewa mpira wa kusafishia damu shingoni? Alikuwa na koo lenye usaha na homa kali? Kama hakuna kitu, kansa iingie kwenye hesabu: mapafu, tumbo, kongosho, limfoma (kansa ya matezi). Kansa humwaga kemikali zinazogandisha damu, na uvimbe wa kifuani huibana vena. Trousseau, daktari wa Paris, alifundisha jambo hili 1865. 1867 aliligundua mwilini mwake, akafa kwa kansa ya tumbo mwaka huohuo.

Bonge likiwa kwenye vena za ubongo (kichwa kinachouma zaidi siku hadi siku, macho kufifia, degedege), kwa mwanamke fikirieni kwanza vidonge vya uzazi wa mpango na kujifungua karibuni.

Msiuze shamba kwa ajili ya CT ya mwili mzima. Picha nzima ya damu, ini, kalsiamu na picha ya kifua vitangulie. Tena papaseni juu ya mtulinga wa kushoto: kitezi kigumu kisichouma hapo mara nyingi ni kansa iliyotoka tumboni. Kichukuliwe kinyama kikapimwe, maana TB nayo hukaa hapohapo na vidole haviwezi kuitofautisha.

Tiba ya kuanzia ni sindano ya enoxaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12. Figo zikiwa dhaifu daktari hupunguza. Ni miezi 3 angalau, na kansa ikiwa bado ipo dawa huendelea. Anayemeza warfarini (vidonge vya kuzuia damu kuganda) apime INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ibaki kati ya 2 na 3, mnafu ale kwa kiasi kilekile kila wiki maana hupunguza nguvu ya warfarini, na ile diklofenaki aiache kabisa, kwani pamoja zinamwagisha damu tumboni.